Padri Aliyeungamisha Akitembea

Ukimwona Padri wetu anazunguka kanisa polepole na mtu upande wake wa kuume, usimkaribie. Usimsalimie, usimwulize saa ya misa, usimpelekee habari ya mgonjwa. Nyumba ikiwaka moto, tafuta mtu mwingine wa kumwambia. Hiyo ndiyo sheria ya kwanza niliyofundishwa nilipofika parokia ile ya Ganshoren, hapa Brussels, na walionifundisha ni wamama wenzangu wa Kivu, hata kabla hawajanionyesha choo kiko wapi.

Kisanduku cha kuungamia kilikuwemo kanisani, cha mbao nzuri, na ndani yake mlikaa mifagio na ndoo. Padri aliungamisha kwa miguu. Mlizunguka kanisa kwa nje, ile njia ya mawe inayopita nyuma ya sakristia na kando ya maua ya waridi. Yeye kushoto, wewe kuume, kwa sababu sikio lake la kushoto lilikuwa limekufa. Mikono yake iko mgongoni, bereti nyeusi iko kichwani, macho yako chini. Dhambi ndogo haimalizi hata mzunguko. Ukiwa na kubwa, mnapita waridi tena. Mwishoni anasimama, anavua bereti, anainua mkono. Ukiona kofia imevuliwa, bon, imekwisha, sasa unaweza kuja na maneno yako ya mishumaa.

Alizaliwa wapi, baba yake alilima au aliuza nini, sijui na sikuuliza. Najua alikuwa Mbelgiji, na kwamba vita ya Wajerumani ilimkuta kijana wa seminari, akavuka bahari na watu wengine waliokimbia, akaishia Uingereza. Huko akapewa upadri, na huko huko akapewa askari. Kisha vita ikaisha, akaja kwetu Kongo, Bukavu, akakaa mpaka nywele zikawa nyeupe, ndipo akarudishwa kwao Ubelgiji. Kiswahili chake kilikuwa cha misheni, kimenyooka kama shati iliyopigwa pasi. Sisi tulisema chetu cha mitaani na yeye alisema chake, na hakuna aliyemwomba mwenzake abadilike.

Mambo ya Uingereza aliyasimulia vipande vipande, hasa akiwa na kikombe mkononi. Alisema Wakatoliki wa mji ule walikuwa wachache, kanisa lao dogo la matofali mtu angeweza kudhani ni depo ya makaa. Halafu jeshi likafungua kambi nje ya mji, na Jumapili moja kanisa likajaa mpaka mlangoni. Wapolandi, Waairishi, Wakanada, Wabelgiji wenzake. Askofu akamwambia, hao wa kambini ni wako. Yeye mwenyewe mgeni, Kiingereza chake bado kinachechemea. Kambini hakuna kisanduku cha kuungamia, na hema lina masikio. Ndiyo akaanza kutembea nao kando ya uzio, mmoja mmoja. Wapolandi wengine waliungama kwa Kipolandi na yeye hakuelewa neno. Nilimwuliza, sasa uliwaondoleaje dhambi usizozielewa? Akasema Mungu alikuwa anaelewa, yeye kazi yake ilikuwa kutembea.

Siku moja na mimi nilitembea naye, lakini si kwa dhambi. Nilikuwa nimempikia supu, akaiacha mezani ikaganda kwa sababu kijana mmoja aligonga mlango. Nilikasirika. Nilimfuata nje nikamwambia kwamba mtu wa umri wake akikosa kula ataanguka, na akianguka sisi ndio tutasemwa. Yeye, mazoea ni mazoea, mtu akianza kuongea naye kwa uzito miguu inaanza kwenda. Tukazunguka. Mimi bado nina maneno, tukazunguka tena. Namwonyesha kidole. Yeye ameinamisha kichwa, anasikiliza kama padri.

Tuliporudi mlangoni nikawakuta wamama wote wamenyamaza, wamejipanga ukutani. Maman Régine, ambaye alikuwa jirani yangu na ulimi wake haukupata kulala, akanishika mkono.

"Maman, pole," akasema. "Sisi batu bote tulikuwa tunakuombea. Lakini ile zambi ya kuzunguka mara zile zote, ni ya huku ao ni ya kule Bukavu?"

Nikamwambia ni supu. Akasema ndiyo, ndiyo, supu. Mwezi mzima mtu akifanya kosa kubwa walisema amekula supu. Na Padri, ambaye alikuwa na uwezo wa kunisafisha kwa neno moja, alicheka mpaka akajifuta macho, akasema mambo ya njiani yeye hayasemi.

Kuhusu ile supu lakini alinijibu, siku nyingine, bila kucheka. Kule Uingereza kulikuwa na askari mmoja aliyemfuata getini, Padri akiwa na baiskeli, amechoka, mvua inanyesha. Askari akasema anataka kutembea kidogo. Padri akamwambia njoo kesho asubuhi. Asubuhi aliporudi, hema zilikuwa zimeshushwa, majani yamelala mahali zilipokuwa, malori yote yamekwenda baharini. Jina la askari hakulijua. Alisema tangu siku ile neno kesho alilitumia kwa kazi za bustani tu. Supu na igande. Sikumgombeza tena, ila nilianza kumpikia vitu visivyoganda.

Kwa jambo hilo ungedhani ni mtu asiyejali saa. Wapi. Misa yake ya asubuhi ilikuwa fupi kama amri ya jeshi, kwa sababu alijifunza kusoma misa huku dereva wa lori amewasha mashine nje. Sasa sisi watu wa Kivu tukaomba misa ya Kiswahili, mara moja kwa mwezi, saa nane mchana. Misa yetu unaijua. Kupeleka vipaji peke yake ni safari, watu wanacheza na mikungu ya ndizi kutoka mlangoni mpaka altareni. Mwanzoni Padri alikuwa anaangalia saa yake tukicheza, na sisi tunamwona, na tunacheza zaidi. Mzee wa Kiflamandi aliyeshika funguo za kanisa alikuwa anasimama mlangoni anazitikisa. Jumapili moja Padri alivua ile saa, akaiweka mfukoni, akamwendea yule mzee wa funguo katikati ya wimbo akamwambia kitu kwa Kiflamandi. Mzee akakaa. Baadaye tulisikia alimwambia hawa lori lao limeshawaacha, waache waimbe.

Alipenda amani, lakini alikuwa mkali kama pilipili kwa mtu aliyechelewa. Alihubiri uvumilivu, na kwenye foleni ya posta alikuwa mtoto. Alichukia silaha, hata bunduki ya plastiki ya wajukuu wangu aliiweka juu ya kabati la sakristia na sijui kama ilishuka. Lakini askari alimpenda, yeyote, wa jeshi lolote. Sisi tuliokimbia askari hatukulielewa jambo hilo. Maman Régine alimwambia wazi kwamba askari wa kwetu si kama wale wa Uingereza, wa kwetu walitunyang'anya mpaka sufuria. Padri akasema hata wa Uingereza kuna waliyoyafanya, mama, mimi ndiye niliyetembea nao.

Na jioni, kabla ya kuwasha taa, alifunga kwanza mapazia yote ya nyumba ya mapadri. Yote, hata la jikoni. Vita imekwisha miaka na miaka, hakuna ndege itakayokuja juu ya Ganshoren, na bado yeye anakwenda dirisha kwa dirisha. Nilimwuliza anamficha nani. Akasema, "Ni mkono wangu tu, mama. Mimi nilishauambia vita imekwisha."

Kisha misa kwisha, chai ilikuwa lazima. Hiyo pia ilitoka kule. Wamama wa lile kanisa la matofali walikuwa wanawapikia askari chai ukumbini, nzito, na maziwa, wanawashonea vifungo huku wanawauliza habari za mama zao. Padri alisema wengine walikuja kwa ajili ya chai tu, na wale wamama hawakuwauliza kama wamesali. Wabelgiji wa parokia walitaka kahawa. Padri akasema kahawa iwepo, lakini chai haitoki. Na sisi wa Kivu tulinyweshwa chai ya maziwa tangu tumeachishwa ziwa, basi tulikuwa upande wake. Yeye alimimina mwenyewe, akamwaga kwenye visahani, mimi nikapangusa nyuma yake. Hiyo ilikuwa kazi yangu. Shule yangu iliishia darasa la pili, lakini kupangusa nimehitimu.

Sasa nimseme mwanangu, kwa sababu bila yeye hii picha haina macho.

Faustin ni kitinda mimba wangu. Alikuwa askari kwetu. Alichukuliwa kijana, akavaa nguo zao, na vita ilipoingia Bukavu mimi nilikuwa tayari Brussels kwa binti yangu Odette, nalea wajukuu yeye akihudumia wazee hospitalini. Muda mrefu hatukujua Faustin yuko hai au vipi. Halafu akatokea, kupitia nchi ambazo mimi siwezi kuzitaja kwa mpangilio. Mwembamba. Ana adabu. Alipata kazi ya kusafisha ofisi kule karibu na kituo cha Schuman, anaondoka alfajiri, anarudi mchana, analala sakafuni wakati kitanda kipo. Kwenye kiti hakai akiupa mlango mgongo. Kuongea, anaongea na watoto. Mimi nilikuwa napata ndiyo maman, hapana maman.

Na kanisani hakuingia. Mtoto niliyempeleka mwenyewe kubatizwa kwa mguu, kilomita na kilomita, kwa sababu padri hakupita kijiji chetu. Jumapili alinisindikiza mpaka uzio wa chuma, anasimama pale nje, anawasha sigara, ananingoja mpaka misa iishe. Mvua inanyesha, yuko pale. Mimi si mtu wa kubembeleza. Nilimwambia ingia. Akasema, "Maman, acha tu." Nilimwambia mbele ya wamama, ili aone haya. Hakuona haya, alirudi hatua nyuma.

Nilikuwa na hofu moja, na niseme wazi: nilihofia kwamba amebeba kitu, na kitamla kutoka ndani, na mimi mama yake siwezi kukibeba kwa sababu hawezi kunipa. Kuna vitu mtoto hampi mama. Nilitaka ampe Padri.

Basi nikamwendea Padri, nikamwambia mkamate. Wewe unawajua askari, mkamate umzungushe.

Akatikisa kichwa. "Askari hasukumwi, mama. Amesukumwa vya kutosha. Mwache pale kwenye uzio. Mahali pale mimi ninapajua."

Nikasema, donc unamwacha aoze pale? Akasema hapana, anampelekea chai.

Na kweli. Jumapili ile, kisha misa, alimimina kikombe, akaweka sukari bila kuuliza, akavuka uwanja na miguu yake ya mzee, chai inamwagika njia yote. Akampa Faustin kikombe juu ya uzio. Akasimama upande wake, wote wawili wanaangalia barabara. Faustin akanywa, akarudisha kikombe. Ndivyo hivyo, Jumapili kwa Jumapili, msimu mzima wa baridi. Mimi nikawa napangusa meza nikiwachungulia dirishani, nataka kuona mguu wa nani utaanza kwenda. Haukwenda mguu wa mtu. Maman Régine akaniambia nitavunja kioo kwa macho.

Halafu Padri akamwomba kazi. Kulikuwa na valizi moja ya kahawia, ngozi imekatika kwenye pembe, aliyoitumia kule kambini. Ndani kulikuwa na kalisi ndogo, vitambaa, mshumaa mfupi, kila kitu cha misa, kimefungwa kama vyombo vya fundi. Aliipeleka kwa wagonjwa wa parokia, kwa tramu. Sasa mkono wake ukawa unachoka. Akamwuliza Faustin kama anaweza kumbebea, mpaka mlangoni tu, hatamwingiza ndani. Faustin akabeba. Akawa anasimama kwenye ngazi za watu, valizi miguuni, hata ardhini haiweki, anaiweka juu ya viatu vyake. Hilo alinisimulia Padri, na alilisimulia kama mtu anayesimulia amepata samaki.

Mimi nikaanza kutumaini. Na mtu akianza kutumaini ndipo anaanguka: Padri alivunjika nyonga. Aliteleza jikoni, jioni, anakwenda kufunga pazia. Alikaa hospitali, kisha wakubwa wake wakamhamishia nyumba ya wazee, Berchem-Sainte-Agathe. Walisema hatarudi parokia. Kutembea, hapana tena.

Nilikasirika na lile pazia kana kwamba ni mtu. Alikuja padri mpya, kijana mzuri, ana gitaa. Kisanduku kikatolewa mifagio, kikapigwa dawa ya mbao, kuungama ikawa Jumamosi saa kumi. Sina neno naye. Lakini chai haikuvuka uwanja. Faustin alisimama kwenye uzio Jumapili mbili tatu, halafu akaniambia nitasindikizwa na Odette. Nikajua ile nafasi imekwenda na malori. Nilimwambia Padri hivyo hivyo nilipokwenda kumsalimu. Yeye amekaa kwenye kiti cha magurudumu, amefunikwa blanketi, amepungua kila kitu isipokuwa pua. Akaniuliza ni siku gani kijana hupumzika. Nikasema Alhamisi. Akaniuliza sombe yangu itakuja lini. Nikaona uzee umemfika, anaruka kutoka mtoto kwenda mboga.

Nilimpelekea sombe kisha majuma kadhaa, na kwa kuwa nilikuwa na shughuli nyingine njiani, ikaangukia Alhamisi. Nilipika asubuhi na mapema, sombe ya majani ya muhogo na samaki, na fufu, ugali wetu, nikaifunga kwa taulo. Nikapanda basi na sufuria magotini. Jua lilikuwa limetoka, lile jua dogo la huku ambalo watu wanavua makoti kwa ajili yake.

Msichana wa mapokezi akaniambia mon père yuko bustanini, na mwanawe.

Nikasema Padri hana mtoto. Akasema yule kijana mweusi, anayekuja kila Alhamisi.

Nikatoka nje. Bustani yao ni ya mviringo, katikati majani, na njia nyeupe inazunguka, na upande wa mbali kuna waridi. Nikakiona kiti cha magurudumu. Nikaona bereti. Nyuma yake, anasukuma, Faustin.

Wanakwenda polepole sana. Faustin hakusimama katikati nyuma ya kiti kama wauguzi wanavyosimama. Alikuwa amejikunja upande wa kuume, mkono mmoja unasukuma, kichwa chake kimeinama mpaka karibu na sikio la mzee. Mdomo wake ulikuwa unasema. Mwanangu, ambaye kwangu ni ndiyo maman, hapana maman, mdomo ule ulikuwa unasema na kusema.

Nilikuwa nimeshainua mkono niite. Nikaushusha. Kulikuwa na benchi, nikakaa, sufuria kwenye mapaja.

Walipita waridi. Walipita mlango wa jikoni, wakapita mbele yangu, mbali kidogo, na hakuna aliyeinua macho. Wakapita waridi tena. Muuguzi mmoja akatoka na kidonge na kikombe cha maji, anawaelekea. Mimi nikasimama. Nilimwambia kwa Kifaransa changu kibovu, "Madamu, hapana. Ngoja." Akasema ni saa ya dawa. Nikasema dawa ndiyo hiyo anakunywa. Sijui niliweka uso gani, akarudi ndani.

Wakazunguka. Nilihisi sufuria inapoa kwenye mapaja yangu, kwanza pembeni, kisha chini. Mimi ambaye sijawahi kumpa mtu chakula baridi. Mahali fulani Faustin alisimama, akaacha kiti, akasimama ameupa mlango mgongo, mabega yanatikisika, na mzee akangoja, anaangalia waridi. Halafu kiti kikaendelea. Niliomba rozari bila rozari, kwa vidole.

Mwishoni walisimama upande wa mbali. Faustin akaja mbele ya kiti, akapiga magoti kwenye mchanga mweupe, na suruali yake ya kazi. Mkono wa mzee ukapanda taratibu, ukatafuta kichwa chake mwenyewe, ukaikuta bereti. Akaivua.

Nilisubiri mpaka airudishe kichwani. Halafu nikakohoa, nikatembea kwa kelele.

Faustin aliponiona alisimama haraka, akapangusa magoti. Macho mekundu. Akaniangalia kama alivyokuwa akiniangalia alipokuwa mdogo amevunja kitu.

"Maman. Uko hapa tangu wakati gani?"

"Nimefika sasa hivi," nikasema. "Hata benchi sijaikalia."

Alimwangalia Padri. Padri akanyoosha mikono yake miwili akapokea sufuria, akaishika chini, pale penye baridi kabisa, akaishika muda mzuri.

"Kweli," akasema. "Bado ya moto."

Tukala pale pale, fufu imekuwa ngumu kama sabuni, sombe imeganda. Faustin alikula, akaomba tena, akakwangua sufuria. Nilimwuliza kama Alhamisi nyingine niweke pilipili zaidi. Akasema, "Weka, maman. Na samaki ikuwe mingi, Padri anakulaka yote, ananiachia mifupa." Padri akasema huo ni uongo mkubwa. Nikahesabu hayo maneno ya mwanangu kama mtu anayefungua zawadi. Aliyomwambia Padri sikuyauliza. Hata leo sijayauliza.

Faustin alipokwenda kuosha sufuria, Padri akaniangalia kwa jicho moja. Nikashika kiti, upande wa kuume, nikainama kwenye lile sikio zima. Nilimwambia nimesema uongo mmoja, leo, bustanini. Akasema na yeye mmoja. Tukaenda hivyo polepole, na kabla hatujafika kwenye waridi alikuwa ameshavua kofia.